Makochi ya Othmar

Kunigunda wa Mbuji alikuwa mjane wa mwaka mmoja, na jambo lililomkaa rohoni lilikuwa moja tu: mwanawe Gaudiosa arudi shule. Binti alikuwa kidato cha tatu katika shule ya binafsi ya bweni, kule alikopelekwa na marehemu baba yake, Protasi, enzi kahawa ilipokuwa na bei. Protasi alipokufa ada ikakatika, Gaudiosa akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Shule ya kata ilikuwepo, tena ya bure, lakini mkuu wa ile ya binafsi aligoma kutoa barua ya uhamisho mpaka ada ya nyuma ilipwe yote. Mtoto akawa si wa huku wala wa kule.

Tumaini likabaki moja. Mbinga mjini kulikuwa na mfuko wa kuwasomesha watoto wa wasiojiweza. Gaudiosa akajaza fomu, paroko akagonga mhuri, na mwezi wa kumi na moja ikaja taarifa kwamba Alhamisi watafika wageni wawili kuona hali ya nyumbani.

Hapo ndipo mama alipoharibu. Na msimcheke, maana wengi wetu tungefanya yale yale. Kunigunda alisikia neno "wageni", masikio yakaziba kwa mengine yote. Siku hiyo hiyo akauza kahawa kwa magoma, yaani ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, akanunua mchele na soda. Jogoo wake wa mwisho akachinjwa. Kisha akapanda kwa shemeji yake Othmar, mwenye mashine ya kusaga, akaazima makochi mawili pamoja na vitambaa vyake vya kufuma.

"Mama, hawa wanakuja kuona shida zetu," Gaudiosa alisema, akimtazama akinyoosha vitambaa.

"Shida wameisoma kwenye fomu. Niwakalishe kwenye magunia, waseme Protasi aliacha mke asiye na adabu?"

Wakaja. Mkubwa wao alikuwa Lusekelo, afisa kijana kutoka Mbeya, hajamaliza mwaka Mbinga. Mwenzake Lidia ndiye aliyeshika makaratasi. Wakaamkia shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakazama kwenye makochi ya Othmar. Wakala wali kuku mpaka Lusekelo akalegeza mkanda. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na Kunigunda siku ile alitaka kupona kwelikweli.

Walipokwisha kunawa, Lusekelo akauliza, "Mama, kwa siku mnakula milo mingapi?"

Ukweli ni kwamba ulikuwa mmoja, ugali na dagaa wa Mbamba Bay wa kuhesabu. Lakini mtu ameshakula kwako ameshiba, utamwambiaje kwamba amemaliza chakula chako?

"Tunakula tu, baba. Tunamshukuru Mungu."

"Na mifugo?"

"Haikosi, baba."

Gaudiosa akafungua mdomo. "Haya makochi ni ya..." Mama akamkata jicho, mtoto akameza maneno. Lidia akaandika.

Barua ilifika kabla ya Krismasi. Gaudiosa aliisoma kimya, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia ya baba yake. "Wanasema walioomba ni wengi, nafasi zimejaa," alisema. Kunigunda alilia siku mbili, akamlaumu Mungu, halafu akaenda kuungama kwamba amemlaumu Mungu. Januari wenzake Gaudiosa walipanda magari na masanduku yao. Yeye alichukua jembe akaenda mlimani kuchimba ngolo, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, na hakuitaja shule tena. Kule kunyamaza kulimuuma mama kuliko kilio.

Kahawa ilipoiva, mnunuzi wa magoma alikuja na magunia yake akavuna yote. Wiki hiyo hiyo Kunigunda alikutana na Lusekelo sokoni Mbinga.

"Shikamoo mama. Ule wali wako sijausahau. Binti anaendeleaje na masomo?"

"Marahaba, baba. Yupo nyumbani. Si nafasi zilijaa?"

Lusekelo akashangaa. "Mbona nafasi tatu zilibaki, mama? Sababu tuliwaandikia kwenye barua, kaya yenye uwezo. Yale makochi, kile chakula, tukaona ninyi mtajimudu."

Kunigunda alitaka kumwambia kwamba makochi yalirudi kwao jioni ile ile, na kwamba yule kuku hakuwa na mwenzake. Badala yake akajifunga kanga upya. "Asante, baba," alisema. "Wasalimie nyumbani."

Alirudi Mbuji, akaitoa barua kwenye Biblia, akaisoma polepole kwa kidole. Kaya yenye uwezo. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ile aliyoazima yeye ilikuwa imemvua mwanawe.

Gaudiosa alimkuta ameishika. Akaegemeza jembe ukutani.

"Ulijua?" mama aliuliza.

"Nilijua."

"Ukanificha miezi yote hii?"

Binti aliinama akabandua udongo miguuni kwanza. "Ningekuambiaje, mama, kwamba ni wewe?"

Kunigunda akakaa juu ya gunia, pale pale palipokuwa na makochi.