Mwombaji Asiye na Uzito

Saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, msichana mmoja alisimama mapokezi ya kampuni ya uwekezaji akiwa na bahasha ya kaki. Nyumbani walimwita Asilimia, kwa sababu tangu shule ya msingi alikadiria kila kitu, hata uwezekano wa wali kuungua. Sasa alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akisomea fedha, na hii ilikuwa kampuni ya kumi na nne kuiomba nafasi ya mafunzo kazini wakati wa likizo.

Dada wa mapokezi alisoma ukurasa wa mwisho kwanza.

"Wadhamini wako ni mwalimu wa hesabu na fundi cherehani?"

"Fundi ni mama yangu, dada."

"Hapa hakuna mtu mzito, mdogo wangu. Barua yako haina uzito."

Alipoiachia, barua ilipanda ikatulia darini, karibu na feni. Dada alivuta ngazi, akaishusha na kuiweka chini ya kopo la kalamu pamoja na nyingine za asubuhi ile.

"Njoo Jumatano kwenye usaili. Lakini usitegemee sana."

Asilimia alipogeuka kuondoka, visigino vyake viliachana na sakafu. Alifika nyumbani akiwa shubiri moja juu ya ardhi. Viatu vyake havikuwa na vumbi, na hilo ndilo mama aliloliona.

"Wamekuita?"

"Jumatano."

"Basi lete hilo koti."

Mama alifumua pindo, akashonea ndani yake vipande vya chuma alivyoomba kwa fundi baiskeli. Alishona, pini mdomoni. Kisha akamvalisha na kumkandamiza mabega mpaka nyayo zikagusa sakafu.

"Wakikuuliza habari zangu, usinitaje sana," alisema.

Asilimia akajifanya anafunga vifungo.

Jumatano waliitwa waombaji wawili. Wa pili alikuwa mpwa wa mkurugenzi, kijana mpole aliyesoma naye darasa moja chuoni. Alipoketi, vigae vilipasuka chini ya kiti chake, na mhudumu akaleta zulia kufunika nyufa. Jopo la watu watatu liliwapa ripoti iliyoshauri kampuni inunue hisa za kiwanda cha nguo.

Mpwa alisema ripoti ni nzuri. Asilimia aliisoma mara mbili.

"Makadirio yote yametumia bei ya pamba ya mwaka juzi," alisema. "Kwa bei ya sasa, kiwanda hiki hakifiki Desemba."

Mwenyekiti wa jopo, mwanamke mwenye miwani, alivua miwani.

"Wachambuzi wetu wote hawakuliona hili."

Alimtaka aeleze tena polepole, akaandika kila neno. Alipomaliza, alimkabidhi mpwa karatasi ile.

"Utaiwasilisha kwa bodi Ijumaa. Isome vizuri."

"Na mimi, mama?" aliuliza Asilimia.

"Una akili sana, mwanangu. Jaribu tena mwakani."

Uzi wa pindo ulikatika. Vyuma vilidondoka kimoja kimoja, naye akapanda taratibu hadi darini. Mpwa aliinuka akanyoosha mkono amshike mguu, lakini sakafu ililia chini yake, akaketi.

"Samahani," alisema, na alimaanisha.

Mwenyekiti alimwomba mhudumu afungue dirisha la juu.

Asilimia alikwenda chuoni akijivuta kwa kingo za mapaa, kwa kuwa mchana kulikuwa na kipindi. Darini mwa ukumbi tayari walikuwako wanafunzi kama thelathini, migongo imegusa mbao, madaftari vifuani.

"Sogea huku," msichana mmoja alimwambia. "Hiyo taa inaunguza. Wewe umekataliwa wapi?"

"Kampuni ya uwekezaji."

"Mimi benki nne."

Mhadhiri aliingia akiwa na furaha. Alitangaza kwamba mwanafunzi wa darasa hili amegundua kosa kubwa kuhusu bei ya pamba, na Ijumaa atazungumza mbele ya bodi. Mpwa aliinamisha uso. Mhadhiri akaomba makofi, na ukumbi mzima ukapiga, chini na juu.

Asilimia alifungua daftari, akaandika tarehe.