Aproni Nyeupe

Nilimtandika Mrisho kofi la kumgeuza shingo kabla kidole chake chenye dawa hakijagusa sindano. Mkewe, Siwema, aliyevuja damu karibu yote katika kujifungua, alilala na sindano hiyo mshipani juu ya kifundo cha mguu, mpira wake ukipanda hadi kwenye chupa ya maji. Mrisho alikuwa amekifungua kitambaa nilichokifunga mimi muuguzi wake, ili apake unga wa majani aliopewa na mama yake kule Igawa.

Hakuwa mtu wa kupigwa na mwanamke wodi nzima ikitazama. Alinirudishia kwa ngumi. Niliangukia meza, chupa ya spiriti ikapasuka, pua ikabubujika damu. Alipounyosha tena mkono ule kuelekea mguuni, niliung'ata na sikuuachia mpaka akapiga magoti. Aibu? Sikuwa nayo hata chembe.

Akaniuliza, huku akihema, unga wa mama yake umemuua nani hata nimvunjie heshima namna hiyo.

“Unga sijui,” nikamjibu. “Ninayejua kuua ni mimi. Lea, wa kitanda kile cha dirishani. Sindano yake ilinidondoka, nikaifuta kwa aproni hii, nikamchoma nayo. Siku ya nne mguu ulijaa usaha, homa ikamtetemesha mpaka akakata roho. Huyu hutaniongezea.”

Na jamani, aproni ile ilikuwa nyeupe! Niliifua mwenyewe, nikaitia wanga, nikaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama. Nani angedhani weupe ule una kifo ndani yake? Daktari aliposema damu ya Lea imeingia sumu, kazi ya Mungu haina makosa, niliitikia amina pamoja na wengine. Tangu siku hiyo nikawa mbogo wa wodi, na watu wakasema Benedicta ana shetani.

Nyuma yangu fagio lilianguka. Nilikuwa nimemsahau Paskalina, mfagiaji wetu, mama yake Lea. Alipomzika mwanawe hakurudi kwao Idodi. Aliomba kazi hapa kwa sababu, alisema, tulimuuguza vizuri.

Siwema aliguna. Katika purukushani zetu mpira ulikuwa umevutika, na damu ilichuruzika kandokando ya sindano. Ilibidi itoke, na nyingine iliyochemshwa iingie mguu wa pili, upesi. Daktari alikuwa safarini Tukuyu. Nilijifunga kitambaa puani, nikanawa, nikauliza nani atanishikia mguu. Mrisho alitazama vidole vyake vilivyopakaa unga, akarudi nyuma hadi ukutani.

Paskalina alikwenda kwenye beseni. Alisugua mikono kwa sabuni hadi viwikoni, kucha moja moja, kama nilivyokuwa nikiwafokea wengine. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Akaja akasimama karibu nami, mikono juu, maji yakimdondoka.

“Nishike wapi?”

“Goti na kisigino,” nikasema, na mikono yangu iliyolowa, kwa mazoea ya miaka, ikajipeleka kwenye aproni.

Kiwiko chake kilinipiga kifundo cha mkono kama mchi. Mfupa ulilia.

“Kanawe tena,” alisema.

Nikanawa mpaka ngozi ikauma. Nilipogeuka alikuwa ameinua mikono yake vilevile, akinisubiri.