Stempu ya Kutoka Ubelgiji

Tangu asubuhi Odette alikuwa hakai hasimami. Anasuka mistari miwili, anachungulia simu. Anasuka mmoja, anaichungulia tena. Constance, mteja wake, mwanamke wa Bukavu mwenye ulimi mwepesi, alikaa kitini kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Odette, unanivuta kichwa sawa vile unang'oa muhogo. Iko nini leo?"

"Iko safari," Odette akajibu, akaendelea kusuka.

Kweli safari ilikuwapo, ila si yake. Yeye alikuwa Durban, katika saluni yake ya ghorofani, chini yake teksi za Warwick zikipigiana honi kama zinagombana. Aliyekuwa barabarani ni Zénon, mdogo wake wa mwisho. Alikuwa ametoka Liège, Ubelgiji, saa moja asubuhi na gari la kuazima, anakwenda Lyon, Ufaransa. Huko baba yao, mzee Nzeyimana, fundi cherehani wa Buyenzi pale Bujumbura, alikuwa amelazwa. Watawa aliowashonea nguo miaka nenda miaka rudi ndio waliompeleka kutibiwa moyo. Saa tisa alasiri siku hiyo angepasuliwa.

Sasa sikiliza uzito wa jambo lenyewe. Odette na baba yake walikuwa hawajasemezana miaka saba. Mwaka 2006 alitoroka nyumbani na mwanamume aitwaye Barthélemy, bila posa, bila kuaga, na mzee akaapa kwamba sauti ya msichana yule haitaingia tena sikioni mwake. Wala hakutania. Akipewa simu akasikia ni Odette, anairudisha papo hapo kama amepewa kaa la moto. Lakini Zénon ni kipenzi chake, na Zénon alikuwa ameahidi: "Dada, nikifika kabla hawajamwingiza, nitamwekea simu sikioni kwa mkono wangu. Atake asitake." Odette hakutaka makubwa. Alitaka baba amwite mwanangu, hata mara moja tu, kabla ya kile kisu.

Saa tatu kasorobo simu ikalia. Saa za huko na za Durban zinalingana mwezi wa Juni, kwa hiyo hakuwa na hesabu ya kufanya.

"Dada! Niko Luxembourg, natia mafuta. Huku bei ni ya kuchekesha!"

Rasta zikamdondoka Odette mkononi. "Luxembourg? Umeshatoka Ubelgiji? Na stempu?"

"Stempu gani? Hata mpaka wenyewe sikuuona. Niliona bango la bluu lenye nyota, nikapita."

"Mungu wangu, Zénon!"

Usimcheke. Katika safari ile ya kuja kusini, yeye na Barthélemy walifika kwenye mpaka mmoja wakakuta ofisa amekwenda kula. Dereva wa lori lililowabeba akawaambia piteni tu, nani atajua? Wakapita. Upande wa pili pasipoti ya Barthélemy ikafunguliwa, ikaonekana haina stempu ya kutoka, na bwana akalala mahabusu miezi mitano. Odette alivuka kwa sababu alikuwa amejibanza nyuma ya magunia ya mahindi. Barthélemy alipoachiwa alirudi Bujumbura akaoa mwingine. Tangu siku hiyo, kwa Odette, mtu bila stempu ni mtu aliyekwisha. Hakuna Mrundi aliyeshuka basi Durban bila kuulizwa na Odette kama pasipoti yake imegongwa huku na huku.

"Rudi," akasema.

"Rafiki zangu kazini wamesema hakuna..."

"Rafiki zako ndio waliokubeba mgongoni? Kadi yako ya ukaazi ina miezi minne, Zénon. Wakikushika Ufaransa watasema umetoroka. Rudi mpakani ukagongewe, ndipo uendelee."

Mama yao alipofariki, Zénon alikuwa na miaka mitatu, na mgongo alioujua ulikuwa wa dada yake. Hakuwahi kumbishia. Akageuza gari.

Constance alikuwa amegeuka kitini, macho yamemtoka. "Unamurudisha wapi? Wee, Odette! Kule hakuna mutu wa kugonga. Mimi nilienda kwa tantine, shangazi wangu, Bruxelles, tukatoka na gari mpaka Paris. Hata frein, breki ile, hatukugusa!"

"Mlikuwa na bahati."

"Bahati gani? Ni route tu, barabara, ma chère!"

"Constance, inamisha kichwa."

Saa tatu na robo Zénon akapiga tena. "Nimefika. Vibanda vipo, lakini ni vitupu. Mlango una kufuli."

"Wamekwenda kunywa chai. Subiri."

"Dada, majani yameota mlangoni."

"Subiri, nimekwambia! Wako mahali wanakuchungulia. Hivyo ndivyo wanavyotega watu."

Akasubiri, maskini, amesimama mbele ya kibanda kitupu, pasipoti mkononi, suruali imepigwa pasi, huku magari ya watu yakimpita vuu, vuu, hakuna hata moja linalopunguza mwendo. Odette alisuka, akafumua alichosuka, akaenda dirishani, akarudi. Nusu saa. Saa nzima. Moyoni alijua kuna kitu hakiendi sawa, lakini kila alipotaka kusema "nenda" aliuona uso wa Barthélemy akivutwa mkono, akairudisha simu mezani.

Saa tano kasorobo Zénon alipiga, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Amekuja mzee mmoja wa kufagia maegesho. Nimemuuliza wahusika wanarudi saa ngapi. Dada, amecheka mpaka akaegemea fagio. Anasema walifunga tangu mimi mwenyewe niko mtoto."

Odette akauachia msuko aliokuwa ameushika.

"Dada, nifanye nini sasa?"

"Nenda," akasema. "Nenda, kimbia, ila usijiue."

Bila kurudi mpakani, Zénon angekuwa Lyon saa saba na nusu, na muda mwingi mkononi. Sasa kila dakika ikawa mwiba. Na njia za Ufaransa nazo zikamkomoa: kwenye kizuizi cha malipo akaingia mstari wa wenye kifaa maalumu kwenye kioo, mti wa kizuizi ukakataa kuinuka, nyuma yake watu wakapiga honi utadhani harusi. Alishuka na leseni yake mkononi, na noti imekunjwa ndani yake, kama tunavyojua sote, akitafuta wa kumsalimia. Hakuna mtu, mashine tu. Alipoteza robo saa nyingine pale, mpaka sauti ikatoka ukutani ikamfungulia.

Saa tisa ilipita. Odette alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Saa tisa na dakika ishirini na tano ikalia.

"Wameshamwingiza," Zénon akasema, anahema. "Saa tisa na dakika kumi."

"Kwa nini na kumi?"

"Muuguzi anasema baba aliwagomea. Alishika fremu ya mlango, hataki kusukumwa. Kila wakimbembeleza anasema, ngojeni, binti yangu anapiga simu. Jana nilimdokezea, dada, nisamehe. Alinyamaza tu, nikadhani amekasirika. Walimpa dakika kumi, kisha wakamtoa vidole kimoja kimoja."

Odette akakaa chini, palepale juu ya nywele zilizoanguka, akalia kwa sauti mpaka muuza vocha wa ghorofa ya chini akapanda kuuliza kuna msiba gani. Miaka saba alikuwa akiomba baba akubali. Baba amekubali, kumbe, na yeye mwenyewe ndiye aliyemkosesha. Constance alimkumbatia, kichwa chake kikiwa vilevile nusu na nusu.

Constance hakwenda nyumbani, alikaa na Odette. Saa kumi na mbili kasoro dakika chache simu ikalia. Alikuwa Zénon. Nyuma yake Odette alisikia sauti ya daktari, Kifaransa cha upole, kile cha polepole ambacho mtu hahitaji kukisikia mpaka mwisho.

"Dada," Zénon akasema baadaye. "Nifanye nini?"

Siku nzima Odette alikuwa na jibu. "Sijui, mdogo wangu. Fanya unavyoona wewe."

Zénon akasema, "Wameniruhusu kuingia kumwona mara ya mwisho. Nilikuahidi nitamwekea simu. Bado unataka?"

"Nataka."

Alisikia viatu vyake vikitembea, mlango, kitambaa kikisogezwa. Halafu pumzi za Zénon zikawa mbali, na Odette akajua simu iko sikioni mwa baba.

"Papa, ni Odette," akasema. "Zénon hakuchelewa. Ni mimi niliyemrudisha."