Kumi na Saba wa Marcellin

Nimeolewa uke wenza na mti. Nilizoea kusema hivyo kanisani ili watu wacheke, lakini sikuwa natania sana. Mume wangu Marcellin ni fundi cherehani na shemasi wa kanisa letu hapa Turffontein, na kila Novemba mizabibu ya uani inapochanua, cherehani hunyamaza. Huchukua kibano chake cha kuchomolea nyuzi, akafungua vijiua vidogo kuliko punje ya mtama, akatoa sehemu zao za kiume, akavipaka chavua ya mzabibu mwingine na kuvifunika kwa mfuko wa karatasi. Wateja nao wanasubiri suruali zao.

Anatafuta chotara. Mizabibu ya divai inayotoka Kepi, kusini kabisa mwa nchi hii, haiwezi mvua zetu za Desemba. Ukungu huimaliza kabla ya Krismasi. Ile mikongwe ya kwenye nyua za watu haijali mvua wala baridi, lakini divai yake, Mungu anisamehe, inanuka kama sabuni. Marcellin akaifungisha ndoa. Mbegu zikatoa miche arobaini, na kwa miaka mitatu yote iliugua ukungu isipokuwa mmoja, wa kumi na saba. Huyo alitarajiwa kuzaa msimu huu kwa mara ya kwanza, na Marcellin alitaka divai yake ndiyo inywewe kwenye meza ya Bwana.

Julai, katikati ya baridi, nimonia ikamlaza hospitali. Kila nilipokwenda kumwona, kabla hata ya kuuliza habari zangu, alisema, "Kumi na Saba iko namna gani?"

"Iko inakusalimia," nilimjibu, midomo nimeibetua.

Jumamosi moja nikarudi kutoka hospitali, nikakuta kwaya nzima uani. Walikuja kufanya salongo, ile kazi ya pamoja ya kwetu Kongo, kumsafishia mgonjwa nyumba yake. Uwanja ulifagiliwa ukang'aa. Ruphin, kiongozi wa kwaya, akanijia akijifuta jasho.

"Maman Hélène, sasa tunajua nini inagonjesha Papa. Tulikuta fetishi, dawa ya uchawi, humu. Miti makumi ine, kila moja na kitambaa nyekundu na namba juu yake. Tuliomba, tukang'oa yote."

Vile vitambaa vilikuwa alama za Marcellin, vipande vya bitana alivyoandika kwa chaki. Vilikwisha kuungua kwenye pipa. Miche yenyewe ililala kando, mizizi juu, ikingoja zamu yake.

Nikamwaga maji ya kufulia ndani ya pipa, kisha nikamwambia Ruphin maneno ambayo mke wa shemasi hapaswi kuyajua. Alipoelewa alichofanya, aliketi chini, mikono kichwani. Mkewe Jocelyne akauliza polepole, "Sasa ile ya maana ni gani?"

Siku zote nilidai kwamba kwangu vijiti vile vyote ni kimoja. Nikachuchumaa, nikaokota cha kwanza. Huyu ni Tatu, ambaye hupukutisha majani kabla ya wenzake. Huyu ni Tisa, mwembamba tangu kuzaliwa. Hakuna aliyenifundisha. Kumi na Saba nilimkuta chini kabisa ya rundo, pingili zake zimekaribiana, na ubavuni kovu pale nilipomchapa kwa mpini wa fagio, siku Marcellin aliposahau sikukuu ya ndoa yetu kwa ajili yake. Nikamkumbatia, nikalia. Miaka yote mitatu nilikuwa nikiangalia alichokiangalia mume wangu.

Mzabibu hulala wakati wa baridi. Pengine hakusikia hata maumivu. Ruphin alichimba mashimo bila kuinua kichwa, tukairudisha yote, Kumi na Saba kwanza.

Jumatatu nikamweleza Marcellin kila kitu kabla hajauliza. Akajiinua kwenye mto.

"Uliijua namna gani?"

Nikamwambia habari ya kovu.

"Kumbe ni wewe uliipiga," akasema. "Nilifikiria ni mvua ya mawe." Akanishika mkono mpaka saa ya kutazama wagonjwa ikaisha. Hakusema kama mti utapona. Anaijua miti, na hajui kufariji kwa uongo.

Alirudi Agosti, akitembea taratibu. Kila asubuhi aliweka kiti mbele ya kijiti kikavu. Septemba ikaenda, mizabibu ya majirani ikawa kijani, na Kumi na Saba hakutoa kitu. Marcellin alianza kubakiza chakula. Mimi niliamka kabla yake, nikatoka na maji, nikamwomba yule mke mwenza asituaibishe.

Ijumaa moja akaniita kwa sauti ndogo. "Hélène, kuya." Nikatoka na unga mikononi. Alikuwa amepiga magoti, na karibu na udongo, kwenye ubavu wa Kumi na Saba, palikuwa na chipukizi la rangi ya waridi, dogo kama punje ya mchele.

"Iko hai," akasema, machozi yakimtoka. "Ona."

Nikapiga magoti kando yake, nikaona, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nilikuwa nimeliona tangu Jumanne. Siku tatu nzima nilinyamaza nalo, ili alione yeye kwanza.