Utulivu wa Siku Tatu

Kikambala nzima, na hata ukivuka Mtwapa, ukiuliza habari za farasi utaelekezwa kwa Ngumbao. Alikuwa saisi kwa miaka ishirini na sita, kazi yake kulisha, kuosha, kutandika na kuongoza farasi wanaopandwa na wageni ufukweni. Katika miaka hiyo alikuwa ameumwa mara mbili, amekanyagwa mara asizozikumbuka, na hajawahi kumpiga farasi hata kofi. Si kwamba alikuwa na moyo wa malaika. Nyumbani alikuwa mkali, kelele zake zilifika hadi barabarani. Subira yake yote aliimalizia bandani kwa farasi, na mkewe Nyevu alizoea kusema kwamba laiti yeye mwenyewe angezaliwa na kwato, angepata mume mzuri.

Mwezi wa pili lori lilimshusha farasi jike kutoka Nairobi, mwenye rangi ya kahawia iliyoiva, aliyechoka mashindano ya mbio. Karatasi zake zilikuwa na jina refu la Kizungu ambalo hakuna aliyejisumbua nalo. Ngumbao akamwita Pola, jina la marehemu nyanya yake, mwanamke ambaye maishani mwake hakuharakishwa na mtu kwa jambo lolote. Nyevu alinuna siku mbili nzima. Jina la mkubwa wa ukoo kupewa mnyama!

Pola aliogopa bahari. Hiyo haikuwa ajabu, maana farasi wa bara hajawahi kuona ardhi inayomfuata na kumkimbia. Masaisi wa pwani hiyo wana desturi yao: farasi mgeni hapandwi na mtu wa nje mpaka apitishwe bamvua sita. Bamvua ni yale maji makubwa yanayokuja na mwezi mpevu na mwezi mchanga, bahari inapopanda hadi kuzipiga kuta za hoteli. Kati ya bamvua moja na nyingine huwa kuna maji mafu, siku ambazo bahari haina nguvu ya kupanda wala ya kushuka, na mtu anaweza kudhani ni bwawa. Bamvua sita ni miezi mitatu. Miezi hiyo saisi humleta farasi ufukweni kila siku, akamwacha ale majani kwa mbali, kesho akamsogeza hatua chache, kesho kutwa akamrudisha nyuma akiona masikio yamekaa vibaya. Hakuna ujanja mwingine ndani yake. Ni kwenda na kurudi tu.

Baada ya mwezi na siku kadhaa, Pola alitia miguu miwili majini kwa hiari yake. Miguu miwili ya mbele, basi! Ngumbao alirudi nyumbani akiimba, na Nyevu akamuuliza kama ameokota kitu.

Aliyemharibia furaha ni Oliver, meneja wa banda, kijana wa kutoka Kakamega aliyekuwa na mwaka wa tano pale. Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa kumsema vibaya, ila alikuwa na simu iliyokuwa ikilia kila mara na mwenye mali upande wa pili.

"Mzee Ngumbao," alimwambia asubuhi moja, macho yakiwa kwenye ndoo ya maji badala ya usoni. "Mwenyewe amesema hivi. Pasaka tunahitaji farasi wote. Huyu akiwa hajawa tayari, daktari wa mifugo atakuja na sindano ya mwisho. Hakuna wa kumnunua, na kumrudisha Nairobi hataki."

"Nipe hadi mwezi wa sita, Bwana Oliver."

"Mwezi wa sita hakuna wageni, mzee. Lakini usijali, nimempata mtu. Siku tatu tu."

Mtu huyo aliitwa Eugene. Alikuja Jumatano kwa pikapu nyeupe, buti zinang'aa, kofia pana, na sauti ya chini ya mtu anayejua kwamba wengine watanyamaza ili wamsikie. Alikuwa ametuliza farasi mia mbili, alisema, na wote kwa siku tatu. Alionyesha video kwenye simu: farasi akiruka, kisha farasi yuleyule amesimama, mtu amefungua mwavuli juu ya kichwa chake na yeye hata hapepesi.

Siku ya kwanza alimfunga Pola mguu mmoja wa mbele, ukakunjwa hadi kifuani, akamvuta kwa kamba mpaka akalala ubavu. Alipojaribu kuinuka alivutwa tena. Siku ya pili alifunikwa turubai, na mifuko ya plastiki ikatikiswa masikioni mwake tangu asubuhi hadi adhuhuri. Jasho lilimtoka likawa povu. Ngumbao alisimama kwenye uzio akitazama.

"Na anapoogopa hivi, mwisho wake nini?" aliuliza.

"Ataogopa mpaka aone kuogopa hakumsaidii," Eugene akajibu bila kugeuka. "Hapo ndipo anatulia."

Ngumbao aliondoka akaenda kukaa nyuma ya banda. Alikuwa na hasira, na zaidi ya hasira alikuwa na aibu, maana Pola alipokuwa chini jicho lake moja lilikuwa likimtafuta yeye, na yeye hakufanya chochote.

Siku ya tatu Pola alisimama. Kamba ilifunguliwa, naye akasimama vilevile. Wakatikisa mifuko, wakapiga debe, wakafungua mwavuli. Hakutikisika. Wafanyakazi wa hoteli waliokuja kutazama wakapiga makofi. Oliver mwenyewe akampanda, akamwendesha kwenye ukingo wa maji kutoka mwisho mmoja wa ufukwe hadi mwingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, maji mafu, bahari imelala kabisa.

Ngumbao alimkaribia akamwekea kiganja puani. Kila siku Pola alikuwa akikinusa kiganja hicho, akikisukuma, akitafuta ganda la embe. Sasa pua haikusogea. Masikio yalikuwa yametazama kando, na alipomshika shingo aliikuta ngumu kama mbao. Farasi aliyetulia hushusha kichwa, hutafuna, hupiga miayo hata mbele ya wageni. Huyu hakuwa ametulia. Alikuwa amehama, ameacha mwili pale waufanyie wanachotaka.

Eugene alikuwa ameinua simu, anarekodi. "Mzee, wewe ndiye unayejulikana pwani hii. Sema neno. Unamwonaje?"

Oliver akamtazama Ngumbao kwa macho ya kumsihi. Neno baya likitoka hapa, wiki ijayo daktari anakuja. Ngumbao alijua hilo, na alijua pia kwamba neno zuri lingempa Pola siku. Siku zikipatikana, alijiambia, nitaanza naye upya polepole, nitamrudisha alikotoka. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwake, na simwoni kuwa mtu mwovu kwa kuyafikiri.

"Ametulia," alisema.

"Kwa siku ngapi?"

"Siku tatu."

Eugene alitabasamu, akarudisha simu mfukoni.

Basi Pasaka ikaja, na Pasaka haiji bila mwezi mpevu, kwa hiyo haiji bila bamvua. Jumamosi ile Ngumbao alimfuata Oliver tangu asubuhi. "Bosi, huyu asitoke alasiri. Maji yatajaa saa kumi. Hajaonja bamvua akiwa na mtu mgongoni."

"Mzee, si wewe mwenyewe umesema ametulia? Dunia nzima imekusikia."

Neno lake mwenyewe lilimziba mdomo. Akaona la kufanya ni moja tu, kuishika kamba ya Pola kwa mkono wake, asimwachie mtu.

Mgeni aliyempanda aliitwa Abigael, mama wa makamo kutoka Nairobi, mwoga kidogo, aliyechagua Pola kwa sababu aliambiwa ndiye mpole kuliko wote. Saa tisa walitoka farasi watatu, Oliver mbele. Wakati wa kwenda kulikuwa na mchanga wa kutosha chini ya ukuta wa ile hoteli kubwa, mahali ambapo ufukwe hubana kwa hatua kama mia. Ngumbao alitaka wageuke mapema. Wageni walitaka picha. Walipogeuka, kusi lilikuwa limeanza kuvuma, mwani mweusi umejaa majini, na bahari imeshafika kwenye ukuta.

Farasi wawili wa mbele walikuwa wazee wa kazi. Wakainua vichwa, wakapita mbio huku maji yakiwaruka tumboni, wakatokea upande wa pili. Pola akaingia nyuma yao hatua ishirini, thelathini. Wimbi likapiga ukuta, likarudi, likakutana na jingine, na maji yakaruka juu yao kwa kishindo.

Pola akasimama.

Hakuruka, hakupiga teke, wala hakugeuka. Ngumbao akavuta kamba, akamwita kwa jina, akampigia mluzi aliomzoeza, akambembeleza kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Akaiona ile shingo ngumu na masikio yale yaliyotazama kando, na hapo akaelewa. Farasi yeyote mwenye woga wake angekimbia, na kukimbia kungemwokoa. Huyu alikuwa amefundishwa kwamba ukiogopa sana unasimama, husogei, mpaka watu wamalize. Alikuwa anasubiri bahari imalize.

"Shuka, mama! Nishike shingoni!" Abigael akamwangukia mabegani, na Ngumbao, mwenye miaka hamsini na nane, akambeba katika maji ya kiuno hadi kwenye ngazi za hoteli, ambako walinzi walimpokea. Hakuwa na jeraha hata moja.

Alipogeuka, Pola alikuwa bado amesimama palepale. Wimbi lililofuata lilimsukuma ubavu, akapepesuka akarudi kusimama. La pili likamtupa kwenye mawe chini ya ukuta. Ngumbao alisikia mfupa. Hata hapo, alipojaribu kuinuka kwa miguu mitatu, hakulia wala hakuhangaika. Alisimama na mguu wa nne ukining'inia, akatazama mbele.

Maji yalipoanza kushuka, watu wanane walimtoa. Daktari wa mifugo alifika kabla jua halijazama, akaushika mguu, akatikisa kichwa. Ngumbao aliomba kumshika yeye. Alikilaza kichwa cha Pola mapajani, akasema naye muda wote sindano ikifanya kazi, na hakujua kama anasikia, maana hakuwa amempa dalili ya kusikia tangu siku ile ya tatu. Alilia mbele ya watu. Nyevu, aliyeletewa habari akaja mbio na leso moja, hakusema la utani. Alikaa kando yake mchangani, akamwondolea farasi mwani kwenye nywele za shingo, uzi mmoja mmoja.

Jumatatu Oliver alikuja bandani na simu mkononi. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, lakini huzuni yenye nafuu ndani yake.

"Yule mama ameandika, mzee. Anasema hajawahi kuona farasi mtulivu namna ile. Angekuwa mwingine, anasema, angemtupa majini akafa. Mwenye mali amefurahi. Amesema hawa waliobaki nao wapitishwe kwa Eugene."

"Hakuwa ametulia, Bwana Oliver. Aliogopa akashindwa kukimbia. Wamemuua kwa hizo siku tatu."

Oliver alimtazama kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mfiwa anayetafuta wa kulaumu. "Pumzika kidogo, mzee wangu," alisema. "Chukua wiki."

Wiki hiyo Ngumbao aliimalizia kitandani, ukutani ndiko alikoelekea. Alhamisi simu yake ikalia. Alikuwa Mangi, saisi wa Malindi, kijana aliyejifunza kazi mikononi mwake miaka kumi iliyopita.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumekuona kwenye video! Huku kila mtu anayo. Bosi wetu alikuwa hataki kabisa, anasema hakuna farasi wa siku tatu. Nikamwonyesha wewe unavyosema. Akasema, kama ni Ngumbao, basi. Eugene anaingia kwetu kesho, ana farasi sita wa kutuliza."

Ngumbao aliketi kitako kitandani. "Mangi, nisikilize. Msimruhusu. Nilisema uongo. Yule farasi amekufa, na amekufa kwa sababu ya mambo yale. Mwambie bosi wako ni mimi nimesema."

Mangi akacheka, kicheko cha heshima, cha mtu asiyetaka kumvunjia mkubwa wake.

"Haya, mwalimu. Naelewa. Kazi ya miezi mitatu ikiwa ya siku tatu, sisi masaisi tutakula wapi? Hata mimi nimewaza hivyo hivyo." Akashusha sauti. "Lakini nimekuona kwa macho yangu, mzee. Ulikuwa umemshika shingo, unasema ametulia."