Mshauri Wangu na Mshauri Wake

Mimi ni dereva wa kreni, na kaka yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Siku kamba ya kreni ilipokatika, mimi nilikuwa juu kibandani, yeye chini. Boriti ilianguka hatua mbili tu kutoka pale alipopiga magoti. Hakuna aliyechubuka hata kidole. Lakini tangu siku hiyo nikiiona ngazi ya kreni, nageuza njia. Naye akisikia chuma kikigonga, anatimua mbio na barakoa ya kuchomelea ingali usoni.

Kampuni ikatupeleka kwa washauri wa kisaikolojia, kila mtu na wake. Wa kwanza wa kaka alikuwa akitazama saa zaidi ya kumtazama yeye, kaka akamkimbia. Alipompata wa pili, habanduki!

Hapo ubishi ukaanza, mezani kwa mama.

"Wangu ananipa kazi," nikatamba. "Wiki hii vipandio vitano, wiki ijayo kumi. Hofu naipa alama, naandika. Hiyo ndiyo tiba!"

"Hilo ni gwaride," kaka akanijibu. "Wangu ananiuliza habari za marehemu baba. Nalia weee, narudi nyumbani mwepesi."

"Kumbe analipwa kusikiliza hadithi?"

"Na wako analipwa kukuhesabia vipandio?"

Mama akagonga sahani kwa kijiko. "Siku hizi wote mnalala usingizi. Kuleni!"

Wiki ya nane nikakwama kwenye kipandio cha thelathini. Mshauri wangu akaweka karatasi zake pembeni, akaniuliza polepole, "Unaogopa kuanguka, au kuua?"

Machozi yakanibubujika. "Kaka yangu alikuwa pale chini," nikasema. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Nilipotoka nikampigia kaka simu. Kabla sijafungua mdomo, akaropoka, "Mdogo wangu, hutaamini! Wangu leo kanituma nikasimame chini ya kreni, dakika tano, kila siku!"

Nikamwambia wangu leo kaniliza. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nikamuuliza mshauri wangu njia ipi ni bora. "Kwa hofu kama yako, kupanda kuna uzito wake," akasema. "Lakini ungeona sikujali, ungepanda hata kimoja?"

Jumatatu moja nikapanda vyote, mia mbili na kumi na viwili, moyo ukinidunda kama wa bibi harusi. Nikakaa. Redio ikakoroma.

"Kreni, uko tayari?" Sauti ya kaka.

"Wewe je?"

"Jasho linanitoka, ila miguu haijaondoka. Leta boriti!"

Nikaishusha taratibu, kama ninayelaza mtoto mchanga. Ikatua mahali pake. Cheche zikaruka chini, za buluu, nyingi, na kaka akanyanyua mkono. Nikapiga honi mara tatu bila sababu yoyote. Msimamizi akafoka redioni. Nikapiga ya nne.