Majivu Kuizunguka Nyumba

Jirani anaapa kwamba kila alfajiri anasikia watu wawili wakiizunguka nyumba ya binti na kaka yake. "Mmoja anatembea kama sisi, mwenzangu. Wa pili anaburuta mguu. Sasa niambie wewe, humo ndani nani alikuwa akiburuta mguu?"

Binti alimuaga jirani akaingia ndani. Udongo wa kaburi la mama yao ulikuwa bado haujashuka.

Mama ndiye aliyekuwa akiburuta mguu, na ndiye aliyekuwa akizunguka. Tangu mwanawe wa kwanza alipoondoka kutafuta kazi asirudi, aliamka kila siku kabla ya jua akaizunguka nyumba akiomba, kama wale waliouzunguka mji wa Yeriko mpaka kuta zikaporomoka. "Kuna ukuta kati yangu na mwanangu," alisema, "nao utaanguka tu."

Ndipo mwanawe wa pili, mwalimu wa historia, ambaye nyumbani wanamwita Profesa, akamwambia, tonge li mdomoni, kwamba waliochimba magofu ya huko wanabishana. Wengi wanasema kuta zilianguka zamani mno, kabla ya hao wazungukaji kufika; walikuta mahame tu.

"Na hao wachimbaji walikuwepo?" Mama aliuliza, akicheka.

"Udongo ulikuwepo, mama."

Kesho yake Mama hakuamka kuzunguka. Wala keshokutwa. Alilala akiutazama ukuta, na kitandani hapo ndipo walipokuja kumbeba.

Basi jioni ile, baada ya maneno ya jirani, binti alichota majivu jikoni akayanyunyiza kuizunguka nyumba, mepesi kama unga. Hakumwambia mtu.

Alfajiri hatua zikaja. Zilipita chini ya dirisha lake, zikaenda nyuma, zikarudi. Alijifunika shuka gubigubi, akang'ata pindo lake. Mara alisikia mtu mmoja, mara wawili. Masikio ya mwoga hayajui hesabu.

Kulipopambazuka alitoka na ufagio. Nyayo zilikuwa za mtu mmoja, pana, kidole gumba kimejitenga: Profesa. Alizifuata kona hadi kona, akainama hata nyuma ya tangi la maji. Za mwingine hakuna. Akaanza kufagia, haraka haraka.

Alikuwa akimalizia kizingiti kaka yake alipotokea, miguu imepauka majivu.

"Umemwaga wewe?"

"Ya siafu, kaka."

"Siafu." Alitaka kucheka, ikamshinda. "Ninamzungukia Mama. Nilimvunja moyo, angalau nimalizie kazi yake. Lakini siko peke yangu, mdogo wangu. Anakuja nyuma yangu, anaburuta ule mguu. Sigeuki. Nikigeuka ataacha tena."

"Kaka, si wewe mtu wa ushahidi?"

"Usinicheke." Alishika fremu ya mlango. "Umefagia kabla sijaona. Ila wewe umeona. Tafadhali, niambie. Zilikuwa nyayo za watu wangapi?"

Binti aliinama, akaendelea kufagia kizingiti ambacho kilikuwa kimeshatakata.